Zawadi Haifunguliwi Mbele za Watu

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kukiri kosa.

Wengi wenu mnanifahamu kwa sauti tu, lakini wakazi wa Uyole wananifahamu na kwa sura. Hapa kwetu mtu akishafanya kazi ya redio huhesabiwa kuwa mshereheshaji wa kuzaliwa. Mwenye harusi hunijia na kusema, "Mtangazaji, wewe una sauti, tusaidie." Nami sikatai.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, baridi ya Uyole ikiuma kama ilivyo desturi yake, nilikuwa nimeshika kipaza sauti katika sherehe ya kumuaga binti wa jirani yangu. Ukumbi ulijaa. Ulipofika wakati wa zawadi muziki ukafunguliwa, na kila kikundi kikaja mbele kikicheza: kamati na jokofu lao, akina shangazi na masufuria yao, wafanyakazi wenzake na bahasha. Mimi natangaza, watu wanapiga vigelegele.

Mwisho wa foleni alikuwapo bibi mmoja, mtu mzima sana, aliyetoka upande wa Tukuyu kwa basi dogo tangu alfajiri. Hakuwa na kikundi. Alibeba kikapu, na kikapu kilifungwa juu kwa khanga iliyopauka, fundo likiwa katikati. Alipiga magoti mbele ya binti, akakiweka kikapu miguuni pake, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kidogo, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kutaka kuchangamsha ukumbi, nikasema kwenye kipaza sauti, "Bibi, hii nayo lazima tuione!" Kabla hajajibu nilikuwa nimekwisha kuinama na kulifungua fundo. Ndani mlikuwa na maharage, mayai machache yaliyofukiwa humo yasivunjike, na mwiko wa zamani, mweusi kwa moshi, ncha yake imelika upande mmoja. Nikauinua juu. "Jamani, bwana harusi ajihadhari, mwenzake ameshakabidhiwa silaha!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi hakucheka. Aliokota khanga yake, akaikunja mara nne, taratibu, akaiweka kwapani na kurudi kitini pake. Nilipomgeukia bi harusi niliona machozi yanamtoka. Ndipo shangazi yake mmoja aliponinong'oneza: bibi yule ndiye aliyemlea binti huyo kwa miaka minne mama yake alipokuwa mgonjwa, na mwiko ule ndio uliomkorogea uji.

Lugha yetu ina mambo. Mwiko ni chombo cha jikoni, na mwiko ni jambo lisilofanywa. Siku ile niliuinua mmoja mbele ya watu mia mbili, nikauvunja wa pili.

Tangu hapo swali moja limenikaa kichwani, nalo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: kwa nini watu hufunga zawadi? Kama shabaha ni kumpa mtu kitu, si tungempa tu mkononi? Kuna kazi gani katika kile kitambaa, ile karatasi, lile fundo?

Jibu nilianza kulipata kwa mtu ambaye sikumtarajia. Kama mnavyojua, Uyole ni njia panda. Barabara kuu ya Zambia inapita hapa, na nyingine inachepuka kuelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Tuna pia kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo. Kwa hiyo wageni kwetu si jambo la ajabu. Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, na wakati ule mmoja wao, binti mtaalamu wa kilimo, alikuwa amepanga nyumba katika mtaa wetu. Naye alialikwa kwenye sherehe ile.

Siku chache baadaye nikamwuliza kama aliifurahia. Alisita. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Kaka, chakula kilikuwa kizuri sana. Lakini yule bibi... kwetu mtu hafungui kilichofungwa na mwingine." Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha mraba, akakitandaza mezani.

Kitambaa hicho, ndugu msikilizaji, Wajapani hukiita furoshiki. Vitambaa vya kufungia vitu vimekuwako kwao tangu karne ya 8. Vingine vimehifadhiwa hadi leo katika hazina ya kale mjini Nara. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili, la kuoga na la kutandika, kwa sababu zamani watu walipokwenda kwenye nyumba za kuogea za umma walifungia nguo zao humo, wakakitandika chini wakati wa kuvaa. Baadaye wafanyabiashara wakakitumia kubebea bidhaa, na watu wote kubebea zawadi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu anaifunga zawadi yake, mara nyingi karatasi kwanza na kitambaa juu. Anakwenda nacho hadi nyumbani kwa mwenyeji. Akishakaribishwa na kusalimiana, anakifungua kitambaa yeye mwenyewe, anakikunja na kukiweka kando. Halafu anaigeuza zawadi imwelekee mpokeaji, anaitoa kwa mikono miwili, anainama kidogo, na kusema maneno ya kuishusha: kwamba ni kitu kisicho na maana, tafadhali kipokee. Mpokeaji naye huipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka. Kwa desturi ya zamani haifungui pale. Siku hizi wako wengi, hasa vijana, wanaofungua papo hapo, lakini huomba ruhusa kwanza.

Niliposikia hayo nilijiona mjinga. Kupiga magoti, mikono miwili, "ni kidogo, mwanangu": bibi wa Tukuyu alikuwa amefanya yote hayo mbele ya macho yangu. Hakuna hatua aliyoikosea. Aliyekosea ni msomi mwenye diploma na kipaza sauti.

Wajapani wamelipeleka jambo hili mbali zaidi yetu, na inafaa tujue kiasi gani. Juu ya karatasi ya zawadi rasmi huzungushwa nyuzi za karatasi iliyosokotwa, ziitwazo mizuhiki. Kwa furaha hutumika nyeupe na nyekundu. Kwa msiba, nyeusi na nyeupe. Hata fundo lina maneno yake. Kwa jambo ambalo mtu angependa lijirudie, kama kuzaliwa kwa mtoto, hufungwa fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvutwa. Kwa harusi hufungwa fundo la kukaza lisilofunguka, kwa kuwa harusi haitakiwi kurudiwa. Ukikosea fundo ni kama umewaombea maharusi waachane.

Pembeni, kwa zawadi za heri, huwekwa pambo dogo liitwalo noshi. Asili yake ni kipande chembamba cha nyama ya konokono wa baharini iliyokaushwa, kilichokuwa sadaka na chakula cha heshima. Leo noshi huwa karatasi tu, mara nyingi imechapishwa. Idadi nayo huangaliwa: vitu vinne havitolewi, kwa sababu tamko moja la nne linafanana na neno la kifo.

Fedha, ambazo sisi ndizo tunazozitoa zaidi, hazitolewi uchi hata siku moja. Za harusi huwa noti mpya kabisa, ndani ya bahasha maalumu, na bahasha hiyo huviringishwa katika kitambaa kidogo mpaka mlangoni. Kwa msiba noti mpya ni kosa: ni kama kusema ulikuwa umejiandaa, ukimngoja mtu afe. Hata mkunjo wa nyuma ya bahasha hutofautiana. Ya furaha, karatasi ya chini hulalia ya juu, kama mikono iliyokinga baraka. Ya msiba, ya juu huilalia ya chini, kama kichwa kilichoinama.

Wala msidhani kwamba Wajapani hawahesabu. Wanahesabu sana! Jina na kiasi huandikwa, na aliyepokea hurudisha shukrani, mara nyingi kwa kitu cha thamani kama ya nusu ya alichopewa. Lakini hesabu hiyo hufanywa faraghani na wenye shughuli. Anayetoa kikubwa na anayetoa kidogo hupita mlango mmoja wakiwa na bahasha zilizofungwa, na kiasi kilichomo hakitangazwi.

Hapo, nadhani, ndipo penye jibu la swali letu. Sisi tumezoea kufikiri kwamba zawadi hufungwa ili ipendeze. Kupendeza ni sehemu yake, lakini kazi kubwa ya kufunga ni kusitiri. Hufunika unyonge wa mtoaji asiyekuwa na kikubwa, na hufunika uso wa mpokeaji, asilazimike kuonyesha furaha asiyokuwa nayo, au machozi asiyotaka yaonekane. Kile kilichomo ndani kinabaki kuwa mazungumzo ya watu wawili.

Msiseme hayo ni ya Wajapani. Mwambaoni, sinia la chakula likipelekwa kwa jirani hufunikwa kawa. Si kwa ajili ya nzi peke yao. Ni ili njia nzima isijue jirani kapelekewa biriani au kapelekewa muhogo. Iringa wana vikapu vyao vilivyosukwa na akina mama kwa milulu, na mkeka au kitambaa hukaa juu yake. Huku kwetu jani la mgomba lilifunga vitu kabla karatasi haijafika. Na nani kati yetu hakuwahi kupewa senti na bibi yake? Bibi hatoi pochi. Analishika pindo la khanga, analifungua fundo lililo kwenye ncha, anakutia kitu kiganjani, kisha anakifumba kiganja chako kwa mkono wake. Utakijua ukishafika nje. Hiyo ndiyo bahasha yetu, nayo ina adabu zote za bahasha ya Kijapani.

Hata sheria ya chombo ni ileile. Mama zetu walitufundisha kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu: ukiletewa maharage katika kikapu, kikapu kirudi na chumvi, au mahindi mawili, au chochote. Wajapani nao wana desturi hiyo na wameipa jina, utsuri. Aliyeletewa kitu katika chombo au kitambaa hukirudisha na kitu kidogo ndani. Zamani hata kiberiti au karatasi chache zilitosha.

Na khanga yenyewe, ndugu msikilizaji, ni binamu wa furoshiki. Ilianzia Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, kutokana na leso zilizoungwa pamoja kufanya nguo moja pana. Hata neno leso ni la Kireno, na Mombasa khanga huitwa leso hadi leo. Baadaye zikaja zilizochapwa viwandani ng'ambo, na miongoni mwa waliozichapa na kutuletea ni Wajapani hao hao, kabla viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa 1968, havijaanza kututengenezea. Khanga hubeba mtoto, hufunika maiti, hufungwa kichwani, huwa ngata, na hufunga zawadi. Inawazidi furoshiki kwa kitu kimoja: ina maneno. Kwa hiyo anayefungia zawadi khanga aisome kwanza. Usije ukampelekea mkwe wako mchele katika khanga inayomwambia aache umbeya.

Kwa nini basi tuliziacha? Kwa sababu plastiki ilikuja ikawa rahisi. Kwa miaka mingi zawadi zetu zilikwenda katika mfuko wa Rambo, mwembamba, unaoonyesha kilichomo, na kesho yake mfuko huo uko mtaroni. Mwisho serikali zikachoka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Katika habari hiyo yumo mama mmoja wa Afrika Mashariki. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alizuru Japani mwaka 2005. Huko akalisikia neno mottainai, ambalo Wajapani hulisema kwa kusikitika kitu kizuri kikipotezwa bure. Akalipenda, akalitangaza duniani kama neno la kampeni ya mazingira. Mwaka 2006 waziri wa mazingira wa Japani, mama Yuriko Koike, akatoa furoshiki ya kampeni hiyo, iliyotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizotumika, akiwakumbusha watu wake warudie kitambaa cha bibi zao. Maana Wajapani nao walikuwa wamezama katika karatasi na plastiki, keki moja ikifungwa mara tatu. Ikawa mama wa Nyeri amewarudishia Wajapani neno lao wenyewe.

Sasa, kwa anayetaka kujifunza, achukue kalamu. Nitaeleza jinsi binti yule alivyonionyesha kwa khanga ya mke wangu.

Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Furoshiki ni mraba, kwa hiyo kunja upande mmoja kama sentimita 40 kwenda ndani, upate mraba wa 110. Weka zawadi katikati, lakini si sambamba na pindo: kitambaa kikae kishoka, ncha moja ikuelekee tumboni. Kanuni ni kwamba kutoka ncha hadi ncha kitambaa kiwe mara tatu ya urefu wa kitu. Mraba huo una kama 155 kutoka ncha hadi ncha, hivyo utafunga vizuri kitu cha sentimita 50.

Chukua ncha iliyo kwako, funika zawadi, uingize ncha hiyo chini yake. Chukua ncha ya mbele, ifunike vilevile. Zimebaki ncha mbili, ya kulia na ya kushoto. Ziinue, zikutanishe juu, ufunge: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo litakaa kombo na litaachia njiani. Likifungwa sawasawa hulala bapa, halilegei hata ubebe maharage kilo kumi. Na kulifungua ni rahisi: ishike ncha moja, ivute inyooke pamoja na kitambaa cha upande wake, na fundo litateleza lenyewe. Halihitaji meno wala mkasi. Kitambaa kinabaki kizima kwa kazi ya kesho.

Turudi ukumbini. Nasema haya kwa washereheshaji wenzangu, na kwa kamati za harusi. Tumejenga desturi ya kutangaza kila kitu: nani kaleta nini, fulani bahasha yenye kiasi gani, kikundi fulani jokofu la ukubwa gani. Tunasema tunachangamsha. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu asiye na kikubwa haji. Najua watu Uyole hii ambao hutuma mchango kwa simu na kusingizia safari, kwa kuogopa kupita mbele ya kipaza sauti na mkono mwepesi. Sherehe inapata fedha, inampoteza mtu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tumeugeuza moyo kuwa mnada.

Pendekezo langu ni dogo. Zawadi zipokewe kwa ngoma na vigelegele, ila zitajwe majina ya watoaji tu, nazo zifunguliwe nyumbani. Daftari liwepo, lakini likae na mama wa nyumba. Jokofu, najua, halifungiki khanga. Hilo litaonekana tu, na wenyewe wamekusudia lionekane. Lakini kilichofungwa kiheshimiwe.

Kuhusu mimi, Jumapili ya tatu baada ya harusi nilipanda basi kwenda Tukuyu. Bi harusi alikuwa amenipa kile kikapu nikirudishe. Nilikwenda Mwanjelwa kwanza, nikanunua sukari, majani ya chai na sabuni, pamoja na doti ya khanga yenye maneno "Asante Mama". Khanga ya kwanza nikaitia ndani, ya pili nikaifungia kikapu kwa fundo nililofundishwa. Ilinichukua mara nne.

Bibi alinikuta nimesimama uani. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa, nikachuchumaa, nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, "Bibi, siku ile nilikukosea." Aliniangalia kwa muda. Kisha akakipokea kikapu, akalipapasa fundo kwa kidole, akakipeleka ndani bila kukifungua. Aliporudi alikuwa na kigoda. "Ndaga fijo, mjukuu wangu," alisema. "Kaa. Mvua huko Uyole vipi?"

Tukazungumza habari za mvua mpaka jua likapinda. Niliondoka na mkungu wa ndizi. Kilichomo kikapuni hakutajwa, si na yeye wala mimi.

Ndugu msikilizaji, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.